Percy Julian: Mkemia Aliyezitoa Homoni Kwenye Soya



Kurasa za wasifu katika majarida ya wanafunzi mara nyingi huwa za viongozi wa uhuru, majemadari na wanavyuoni, na si vibaya. Lakini wengi wetu tulioko vyuoni hapa Riyadh na kule Jeddah tunasomea uhandisi, sayansi au udaktari, na watu wa fani zetu hatuwasomi sana. Basi safari hii nawaletea mkemia. Anaitwa Dakta Percy Lavon Julian, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa 1899 na kufariki 1975. Kwao Marekani sura yake imewekwa hata kwenye stempu ya posta. Kwetu wengi hawamjui, ingawa matunda ya kazi yake huenda yako kwenye kabati la dawa la mama yako.

HOMONI NA MAMA ZETU

Kabla ya kumfuata mwenyewe, hebu tuelewe kitu alichokitengeneza. Mwanamke akifika umri wa miaka 45 hadi 55 hivi, ovari zake hupunguza kutoa homoni za estrojeni na projesteroni, na hedhi hukoma. Wako wanaopita kipindi hicho salama kabisa. Wako wengine wanaopata tabu: joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, usingizi kukatika, hasira za haraka, na baadaye mifupa kudhoofika. Kwetu mambo haya hayasemwi. Mama atasema ni presha, au ni uchovu, au akija kututembelea huku atasema ni joto la Riyadh tu, na sisi watoto wake tunaongeza kiyoyozi tukidhani tumemaliza kazi.

Tiba yake ipo. Ni kumrudishia homoni zilizopungua, kwa kidonge, kibandiko cha ngozini au jeli. Mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni au dawa ya jamii yake, kwa sababu estrojeni ikikaa peke yake hunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi na inaweza kuleta saratani. Kwa hiyo projesteroni ndiyo mlinzi. Na jamii hiyo hiyo ya dawa wanaijua akina dada wengi wanaoshuka uwanja wa ndege wa Jeddah wakati wa hija: vile vidonge vya norethisteroni wanavyoandikiwa na daktari ili hedhi isiwakute kabla ya tawafu ni vya ukoo huo.

Sasa swali la mhandisi ni hili: vitu hivi vinatoka wapi, na vimefikaje kuwa na bei ya famasia ya mtaani? Maana zamani havikuwa hivyo. Katika miaka ya 1930, Edward Doisy na wenzake kule Marekani walikamua ovari za nguruwe karibu tani 4 wakapata miligramu 12 tu za estradioli, uzito usiofika hata punje moja ya mchele. Projesteroni nayo ilipotengwa mwaka 1934 ilitoka kwenye ovari za nguruwe maelfu kwa maelfu. Mwaka 1942 ikaingia sokoni Marekani dawa ya Premarin, ambayo estrojeni yake hutolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Yaani ugunduzi ulikuwepo, vitabu vilikuwepo, lakini dawa ya kumtosha mgonjwa wa kawaida haikuwepo. Aliyeziba sehemu kubwa ya pengo hilo, kwa upande wa projesteroni, ni Percy Julian.

MTOTO WA MONTGOMERY

Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Baba yake alikuwa karani wa posta kwenye treni, mama yake mwalimu. Babu yake alikuwa mtumwa, na katika ukoo ilisimuliwa kwamba alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kuandika. Nyumba ya namna hiyo elimu haiichukulii mchezo: watoto wote sita walifika chuo kikuu.

Lakini Montgomery ya wakati ule haikuwa na sekondari ya serikali kwa watoto weusi. Alipopokelewa Chuo Kikuu cha DePauw, Indiana, mwaka 1916, ilibidi asome masomo ya chuo na huku akifidia yale ya sekondari ambayo hakupewa. Bweni hakuruhusiwa. Akapata chumba cha darini katika nyumba ya wanafunzi wazungu, kwa makubaliano kwamba awashe tanuri na kuwapakulia chakula. Mwaka 1920 alimaliza akiwa wa kwanza darasani.

Wenzake walikwenda moja kwa moja kwenye shahada za juu. Yeye aliambiwa arudi kusini akafundishe weusi wenzake, kwa kuwa baada ya udaktari hakuna atakayempa kazi. Alifundisha Fisk kwa miaka miwili, kisha akapata nafasi Harvard na kuchukua shahada ya uzamili mwaka 1923. Hapo pia alinyimwa usaidizi wa kufundisha, ambao ndio uliokuwa njia ya kulipia udaktari, eti wanafunzi wa kizungu kutoka kusini wangelalamika. Akarudi tena kufundisha, West Virginia na baadaye Chuo Kikuu cha Howard.

VIENNA NA MBEGU YA CALABAR

Mwaka 1929 alipata ufadhili wa kwenda Austria, Chuo Kikuu cha Vienna, chini ya Profesa Ernst Späth. Wengi wetu tunaosoma nchi za watu tutamwelewa hapa: lugha mpya, mji mpya, maabara yenye vifaa ambavyo nyumbani anavisoma kwenye vitabu tu. Tofauti ni kwamba yeye alipata ugenini heshima ambayo kwao hakuipata. Alijifunza Kijerumani vizuri, akaenda nacho opera na kwenye mabishano ya maabara, na mwaka 1931 akarudi na udaktari wake. Kumbukeni hicho Kijerumani, kitakuja kumsaidia.

Howard hakukaa muda mrefu. Ugomvi wa ndani ya chuo na mambo yake ya binafsi yalifika magazetini, akajiuzulu. Mwalimu wake wa zamani akamrudisha DePauw kama mtafiti. Huko, akishirikiana na Josef Pikl, rafiki aliyetoka naye Vienna, alishika kazi ya fisostigmini, dawa ya presha ya macho. Dawa hiyo asili yake ni mbegu ya Calabar, ya kusini mashariki mwa Nigeria, ambayo wenyeji waliitumia kama sumu ya kiapo kwa washukiwa. Maabara kubwa ya Oxford chini ya Robert Robinson nayo ilikuwa ikiifukuzia. Julian alitamka wazi kwamba njia ya Oxford ilikuwa na kosa, jambo ambalo kama angekosea lingemmaliza kabisa. Mwaka 1935 alithibitisha kwa vipimo kwamba yake ndiyo sahihi, na fisostigmini ikatengenezwa maabara tangu mwanzo hadi mwisho.

Ungedhani sasa milango imefunguka. DePauw ilikataa kumpa uprofesa. Kampuni ya DuPont ilimchukua Pikl ikamwacha Julian. Taasisi ya kemia ya karatasi ilimtaka, lakini ilikuwa katika mji wa Appleton, Wisconsin, ambao haukuruhusu mtu mweusi kulala humo. Ndipo ikaja simu kutoka Chicago, kwenye kampuni ya rangi za kupaka.

TANGI LILILOINGIA MAJI

Kampuni yenyewe ni Glidden. Ilikuwa imenunua Ujerumani mtambo mpya wa kukamua soya, na ilihitaji mkemia anayejua Kijerumani. Julian naye alikuwa ameomba mafuta ya soya kwa ajili ya utafiti wake. Mwaka 1936 akapewa ukurugenzi wa utafiti wa idara ya soya, cheo ambacho mtu mweusi hakuwa amekizoea katika viwanda vya Marekani.

Wenzangu wa uhandisi wa kemikali wataupenda mtambo huo. Soya zilizopondwa zinakwenda upande mmoja na kiyeyushi kinatoka upande wa pili, vinapishana. Kiyeyushi kisafi kinakutana kwanza na soya zilizokwisha kamuliwa, na kiyeyushi kilichojaa mafuta kinatokea pale soya mpya zinapoingilia. Kama mfuaji hodari anayehifadhi maji safi kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Kazi haisimami, na mafuta karibu yote yanatoka.

Kwanza Julian alitengeneza protini ya soya ya kupaka karatasi. Protini hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kutengenezea povu la kuzimia moto wa mafuta, ambalo jeshi la majini la Marekani lilitumia katika Vita vya Pili vya Dunia. Anayesomea usalama wa visima na matangi hapa Saudia anaijua thamani ya povu la namna hiyo.

Kisha, mnamo 1940, maji yalivuja yakaingia kwenye tangi kubwa la mafuta ya soya, galoni 100,000. Chini yakajikusanya mashapo meupe. Kwa meneja wa kawaida hiyo ni hasara, mafuta yameharibika. Julian alipoyaona aliyakumbuka. Kule DePauw, alipokuwa akishughulika na mafuta ya mbegu ya Calabar, aliwahi kuona fuwele nyeupe zikijitenga baada ya kuosha kwa maji, akazitambua kuwa stigmasteroli. Na wakemia wa Ujerumani, Butenandt na Fernholz, walikwisha onyesha kwamba stigmasteroli inaweza kugeuzwa projesteroni. Tatizo lilikuwa kuipata kwa wingi. Sasa tangi lililoharibika lilikuwa limemwonyesha njia: maji yenyewe ndiyo yanayoitenganisha.

Kutoka hapo ni kazi ya kiwanda, si ya bahati tena. Alipanga njia ya kutoa steroli kwenye mafuta kila siku bila kuyaharibu mafuta, yaani pauni 100 hivi kwa siku, kisha akapitisha gesi ya ozoni kuukata mkia wa molekuli mahali panapotakiwa, na hatua nyingine zikafuata. Kufanya hivyo kwenye chupa ndogo ni jambo moja. Kufanya kwenye kiwanda, na ozoni ambayo ikikosewa hulipuka, ni jambo jingine kabisa. Pauni ya kwanza ya projesteroni aliyoiuza kwa kampuni ya Upjohn ilithaminiwa dola 63,500 na ikasafirishwa kwa gari la deraya. Pauni moja ni kama nusu kilo ya sukari! Lakini baada ya pauni ya kwanza ilikuja ya pili, na ya mia, na kitu kinachotoka kwa wingi bei yake lazima ishuke. Madaktari wa wakati ule waliitumia projesteroni hasa kujaribu kuzuia mimba zisiharibike. Testosteroni nayo ilitoka kwenye soya hizo hizo.

Ilipotangazwa mwaka 1949 kwamba kotisoni inawatuliza wagonjwa wa baridi yabisi, ikawa inatengenezwa kwa shida kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe. Julian alitangaza mwaka huo huo njia ya kutengeneza kutoka kwenye soya kiungo kinachokaribiana nayo sana, kilichobakiza atomu moja tu ya oksijeni mahali pake. Miaka mitatu baadaye Upjohn walipata kuvu wa kuipachika atomu hiyo kwa kutumia projesteroni. Mlango wa kotisoni ya bei nafuu ukafunguka.

NYUMBA YA OAK PARK

Mwaka 1950 gazeti moja la Chicago lilimtangaza kuwa mtu bora wa mwaka wa jiji. Mwaka huo huo alinunua nyumba Oak Park, kitongoji cha wazungu, kwa ajili ya mkewe Anna, naye msomi mwenye udaktari wa sosholojia, na watoto wao wawili. Mwezi wa Novemba, hata kabla hawajahamia, nyumba ilitiwa moto. Juni 1951 ikarushiwa baruti, watoto wakiwemo ndani. Baba na mwanawe wakawa wanakesha nje na bunduki. Hawakuhama. Majirani wengi walijitokeza kuwaunga mkono.

Glidden ilipoamua kuachana na homoni na kumtaka ashughulikie mambo ya rangi na mafuta ya kupikia, aliondoka na kuanzisha maabara zake mwenyewe karibu na Chicago. Huko aliajiri wakemia weusi na wanawake ambao kwingine wasingepewa kazi. Wakati huo malighafi bora ilikuwa kiazikikuu cha mwituni cha Mexico, akahangaika sana kupata kibali chake, hadi ikabidi atafute viazi hivyo Guatemala. Mwaka 1961 aliiuza kampuni kwa zaidi ya dola milioni 2. Mwaka 1973 alichaguliwa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, mkemia wa kwanza mweusi kuingia humo. Alifariki kwa saratani ya ini tarehe 19 Aprili 1975.

BAADA YAKE

Mwezi Desemba mwaka huo huo wa 1975 zilichapishwa tafiti zilizoonyesha kwamba wanawake waliopewa estrojeni peke yake baada ya hedhi kukoma walipata zaidi saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Hapo ndipo dawa za jamii ya projesteroni zilipopata kazi yao mpya ya ulinzi niliyoitaja juu. Julian hakuiona. Na tusimzidishie: tiba hii hakuibuni yeye, na wengine kama Russell Marker aliyetumia viazikuu vya Mexico walichangia sana. Lakini projesteroni inayomezwa leo na mama aliyekoma hedhi kwa kawaida hutengenezwa kutoka kwenye soya au viazikuu, na njia ya kiwanda kutoka kwenye soya aliifungua yeye.

Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kuonekana kwamba waliopewa estrojeni ya farasi pamoja na projestini ya kutengeneza walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda, ingawa mifupa iliyovunjika ilipungua. Dunia nzima ikaogopa, wanawake wengi wakatupa vidonge. Baadaye data zilipochambuliwa kwa umri ilionekana kwamba wengi wa waliopimwa walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi nyuma. Leo madaktari wengi wanakubaliana kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na mwenye dalili zinazomsumbua, faida kwa kawaida huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu mambo yake ni mengine. Kwa hiyo dawa hii ni ya kuandikiwa na daktari baada ya kupimwa, si ya kupokezana kwenye sanduku la safari. Na krimu za viazikuu zinazouzwa eti zinaongeza projesteroni, msidanganyike: mwili wa binadamu hauwezi kufanya mabadiliko yale. Yanafanyika kiwandani tu.

FUNZO KWETU

Watu hupenda kumaliza hadithi kama hii kwa kusema ubaguzi ulimpa nguvu. Mimi sikubali. Ubaguzi ulimla miaka. Kati ya shahada yake ya kwanza na udaktari ilipita miaka 11, na wangapi wa mfano wake waliishia kuwasha matanuri tu? Kilichomsaidia ni kwamba alipopata mlango mmoja, hata ukiwa wa kampuni ya rangi, aliingia na kila alichokijua, Kijerumani chake na fuwele zake za Calabar.

La pili linatuhusu moja kwa moja. Mbegu ya Calabar ni ya Nigeria, lakini dawa yake ilitengenezwa Indiana. Na msidhani ni mambo ya Afrika Magharibi tu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitengeneza kotisoni kwa hekojenini iliyotoka kwenye maji ya mkonge wa Afrika Mashariki, yale maji machafu yanayomwagwa mkonge ukisagwa. Wazee wetu wa Tanga walikata mkonge, sisi tukanunua dawa. Wenyewe tunaosomea leo kutenganisha, kuchuja na kukamua, katika nchi iliyojenga utajiri wake kwa kazi hizo, tunajua kwamba kati ya mmea shambani na dawa famasi kuna mhandisi, na mhandisi huyo anaweza kuwa mmoja wetu. Anayetafuta mada ya tasnifu aanzie hapo.

La tatu ni dogo na halihitaji shahada. Mama akisema hapati usingizi kwa joto, tumsikilize kabla ya kushika rimoti ya kiyoyozi, kisha tumpeleke kwa daktari, na dada zetu wawe wa kwanza kumwuliza.